Kikombe Kisichoonjwa

Sehemu ya Saba: Chini ya Turubai

Kila asubuhi, kabla watoto hawajafika, Mwalimu Kokubanza alifuta ubao kwa jani bichi la mgomba, akaukausha kwa kitambaa, kisha akachora somo la siku. Asubuhi hiyo alikuwa anachora Bukoba. Alichora ziwa, gati na meli. Alichora boma, hospitali, maduka ya Wahindi, kiwanda cha kukoboa kahawa na shule. Mbali kabisa, pembeni chini, akaweka nukta moja na kuandika: Muleba.

Kutoka kwenye nukta ile alivuta mshale kwenda Bukoba, akaandika juu yake: kahawa. Sasa alikuwa anafikiria mshale wa kurudi auandike nini.

Hapo ndipo baiskeli ilipoangushwa mlangoni, na hapo ndipo tulipomwacha juma lililopita, chaki mkononi, akimtazama jirani yake Mujuni aliyekuwa anahema.

"Mwalimu, Mwami anakufa. Usiku kucha anataja jina moja tu. Anataja lako."

Ninyi wasomaji mlilala na maneno hayo juma zima. Yeye hakupata hata nafasi ya kuyameza.

"Ananitaja kwa lipi?"

"Watu hawaulizi kwa lipi. Jana alikunywa kwenu. Leo tumbo limemvimba kama ngoma." Mujuni alishusha sauti. "Wanasema hukuonja."

Chaki ilimponyoka.

"Ulionja, Mwalimu? Niambie ulionja, nikawaambie."

Kokubanza aliinama kuiokota. Hakuonja.

Kwetu Buhaya mwenyeji hampi mgeni kinywaji kabla ya kukionja mwenyewe, mgeni akitazama. Funda moja, ndipo kikombe kipite. Ni njia ya kusema: kilicho humu hakitakudhuru. Hata mtoto anayecheza mavumbini analijua hilo. Kokubanza naye alilijua, mpaka alipokwenda chuo cha ualimu. Huko mabibi wa Kizungu walimfundisha kwamba kugusa kikombe cha mgeni kwa midomo ni uchafu. Kikombe kiletwe kwenye sinia, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na mwenyeji asikiguse ila kwenye mshikio. Katika somo hilo alisifiwa mbele ya darasa.

Na jana Mwami Rugaibula, mkuu wa gombolola, yaani wa vijiji vyote vya huku, alikuja kwao kwa ajili ya shule ya kati ya wasichana. Fedha iliyotokana na kahawa ingejenga shule moja tu. Ijengwe Bukoba, ambako kila kitu kipo, au Muleba, ambako kahawa yenyewe inatoka? Neno lilikuwa la Mwami. Kokubanza alimletea omuramba, maji matamu ya ndizi yasiyochacha, kwenye sinia, kikombe kimefunikwa. Kwa haya hakuinua macho. Akapiga magoti, akampa, akarudi nyuma.

Mwami alikitazama kikombe. Akamtazama yeye. Akanywa chote. Kisha akaaga bila kutoa jibu.

"Wako wapi sasa?" Kokubanza aliuliza.

"Kwa mkungu Kagaruki. Wananoa mapanga. Wanasema wataanza na migomba ya mama yako."

Mkungu ndiye mkuu wa kijiji, na akisema watu humfuata. Kwetu kukatiwa migomba si hasara ya chakula tu. Ni kuambiwa kwamba jina lako limeondolewa kijijini.

Kabla Mujuni hajamaliza, mama mwenyewe alitokea upande wa nyuma, kupitia kwenye mibuni, kanga begani na majani makavu kichwani. Mama Anatolia hakuwa mtu wa kukimbia. Leo alikuwa amekimbia.

"Mujuni, ondoka. Hujafika hapa." Akamgeukia binti yake. "Jifunike. Suryakant yuko barabarani anamalizia kupakia kahawa. Nimeshasema naye."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba una homa."

"Mama."

"Unatetemeka, huna homa wewe? Leo jioni kuna meli ya Kampala. Mama yako mdogo yuko kule. Utakaa mpaka nitakapokuita."

"Nikikimbia watasema ni kweli."

"Ukibaki pia watasema ni kweli. Chagua unataka kuyasikia ukiwa wapi."

"Na wewe je?"

"Mimi mjane. Mjane wanamfanya nini?"

"Wataikata migomba yako."

Mama Anatolia alitazama pembeni. "Itaota," alisema.

Walipita mibunini wameinama. Nyuma yao, upande wa kwa mkungu, zilisikika sauti za wanaume, nyingi, na hakuna iliyokuwa inacheka.

Suryakant alikuwa mtoto wa tatu wa Vasant, mwenye duka kubwa karibu na soko la Bukoba. Alizaliwa palepale Bukoba, na Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko cha makarani wengi. Alikuwa amekwisha acha upenyo katikati ya magunia, mrefu kama kaburi.

"Ingia, Mwalimu. Naona homa yako ina miguu, inakuja inakimbia."

"Asante, kaka."

"Usinishukuru. Ukipiga chafya, mimi sikujui. Baba alifika Bukoba enzi za Mdachi na sanduku la sindano na uzi. Duka lote lile limetokana na kahawa ya watu wa huku. Akisikia nimegombana nao kwa ajili ya mtoro, atanirudisha India. Na mimi India sijawahi kufika hata siku moja."

Mama alimshika binti yake uso kwa mikono miwili. Turubai likashushwa, na dunia ikawa giza lenye harufu ya kahawa ya maganda.

Lori likaondoka.

Kokubanza alilala chali, magunia kulia, magunia kushoto, na juu yake turubai lililotandazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Alianza kusali. Hakufika mbali. Lori lilifunga breki, na kichwa chake kikagonga ubao.

"Suryakant. Zima injini."

Aliijua sauti hiyo. Alikuwa ameamkiwa nayo tangu utotoni. Ilikuwa ya mkungu Kagaruki.

"Kuna nini, mkungu? Nina haraka, meli inapakia leo."

"Shusha magunia. Tuna mgonjwa. Ni Mwami."

Nje kulikuwa na kishindo cha miguu mingi na mlio wa machela iliyobebwa kwa mbio. Kokubanza aliziba mdomo kwa kanga. Gunia moja likishushwa, wangeona mguu wake. Mawili yakishushwa, wangemwona wote.

"Nishushe magunia?" alisema Suryakant. Alisema polepole, kama mtu anayepima nguo dukani. "Mgonjwa alale juu ya mbao na misumari? Barabara hii, mkungu, atafika Bukoba vipande vipande. Magunia ndiyo godoro. Mlazeni juu."

Viganja vilipapasa magunia kupitia turubai.

"Mhindi amesema kweli," mtu mmoja alisema.

Turubai lilibonyea. Uzito wa mtu mzima ulishuka taratibu juu ya magunia, karibu mno, kiasi kwamba Kokubanza aliisikia pumzi ya Mwami ikiingia na kutoka kwa shida. Mtu wa pili alipanda na kuketi miguuni. Chuma kiligonga ubao. Kagaruki alikuwa na panga.

"Ninyi wengine," Kagaruki aliwaambia watu chini, "nendeni kwa mwalimu kama tulivyosema. Mkimkosa yeye, mama yupo."

Lori likaondoka tena.

Ndugu msomaji, mwandishi wako ni mwoga, na kipande hiki nilitamani kukiruka. Lakini yeye hakuweza kuruka lolote. Alilala pale, chini ya mtu ambaye yeye alisemekana kumuua, na kila gurudumu lilivyozunguka lilimpeleka mbali na mama yake.

"Vumilia, waitu," Kagaruki alikuwa anasema, akitumia neno la heshima ambalo Wahaya humpa mkubwa wao. Sauti yake haikuwa ya ukali sasa. Ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Tumepita kilima. Tungekuwa na daktari Muleba, sasa hivi ungekuwa umekaa unakunywa uji. Lakini kila kitu Bukoba. Shule Bukoba, dawa Bukoba, hata kufa mtu lazima asafiri akafie Bukoba."

Mwami aliguna.

"Koku... banza."

"Najua, waitu."

"Mwambieni..."

"Tutamwambia. Watu wameshakwenda kumwambia, na mapanga wanayo."

Kokubanza aling'ata kanga mpaka nyuzi zikakatika. Machozi yalimtiririka hadi masikioni, na hakuweza kunyanyua mkono kuyafuta.

"Kunywa maji kidogo. Tazama, naonja mimi kwanza. Umeona? Nimeonja. Sasa wewe."

Ikasikika sauti ya maji yakimwagika, kisha kukohoa, kisha kutapika. Matapishi yalipenya kwenye pindo la turubai na kumdondokea Kokubanza shingoni, ya moto, machungu. Hakusogea.

Halafu akaisikia sauti nyingine. Ilikuwa kama mtungi unaojaa. Mwami alikuwa amelazwa chali, na alichokitapika kilikuwa kinarudi kooni.

"Waitu? Waitu, pumua."

Lilikuwa jambo dogo tu: kumgeuza ubavu. Kwa nini hamgeuzi?

"Suryakant, simamisha, anasongwa."

Injini ilinguruma, Suryakant hakusikia. Kagaruki aligonga paa la mbele kwa ngumi, akarudi, akamshika Mwami mabega na kuzidi kumnyoosha chali, kama wanavyolazwa wakubwa, kwa heshima, uso ukitazama mbingu.

Baba yake Kokubanza alikufa hivyo. Chali, amenyooshwa vizuri, ndugu wote wamesimama wanaimba, na koo linajaa. Yeye alikuwa mdogo. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Alifikiri haraka, na mawazo yake hayakuwa ya kitakatifu. Mwami akifa, mimi nitabaki hapa chini. Watamshusha hospitalini, lori litakwenda gatini, nitapanda meli. Nani atajua nilikuwepo?

Mtungi ulikuwa karibu kujaa.

Kokubanza alisukuma turubai kwa mikono miwili na miguu miwili, mpaka pindo lake likafunguka.

Mkungu Kagaruki alipiga ukelele ambao mkungu hapaswi kuupiga. Mbele yake, kutoka ndani ya kahawa, alikuwa ameinuka mwanamke mwenye nywele zilizojaa vumbi na matapishi shingoni, na mwanamke huyo ndiye yule yule aliyetajwa usiku kucha.

"Mgeuze," Kokubanza alisema. "Mgeuze ubavu."

Kagaruki hakuweza kusogea. Basi Kokubanza akamgeuza mwenyewe. Alimvuta Mwami bega na nyonga, uzito wote ule, akamwegemeza kwenye goti lake na kuingiza kidole kinywani. Mkubwa wa gombolola, ambaye hakuna mwanamke kijijini aliyewahi kumtazama usoni, alitapika mapajani mwa mwalimu wa shule. Kisha akavuta pumzi. Ilikuwa ndefu, yenye mikwaruzo.

Lori lilisimama. Walikuwa wamefika Kemondo, penye gulio. Wanawake waliokuwa wamebeba vikapu vya samaki wakasogea. Wanaume wakaacha baiskeli zao.

Hapo Kagaruki akapata sauti yake.

"Ndiye huyu," alisema, akamshika Kokubanza kwapani na kumburuta mpaka ukingoni mwa lori. "Watu wa Kemondo, mtazameni. Alimpa Mwami wetu kikombe bila kuonja. Na leo amejificha kwenye safari yake, ahakikishe amekufa."

"Bila kuonja?" aliuliza mwanamke mmoja wa samaki.

"Mwulizeni mwenyewe."

Macho yote yalimgeukia. Tangu utotoni Kokubanza alishindwa kusema mbele ya watu wazima. Hata jana, hoja zote za shule alimwachia mama yake azitoe, na yeye alikaa nyuma ya mlango.

"Sikuonja," alisema.

Umati ulirudi nyuma, kama watu wanavyokimbia nyoka, kisha ukasogea mbele zaidi. Jiwe likapiga ubavu wa lori.

"Kagaruki, weka panga chini," alisema Suryakant. Alikuwa amepanda juu ya gurudumu, na utani wote ulikuwa umemtoka. "Nakuomba. Tumfikishe mgonjwa kwanza."

"Kaa mbali, Mhindi. Haya si ya dukani kwenu."

Panga likapanda juu. Kokubanza aliliona jua kwenye ubapa wake na akafumba macho.

"Kagaruki."

Haikuwa sauti kubwa. Lakini panga lilibaki hewani.

Mwami Rugaibula alikuwa amelala ubavu juu ya kahawa, macho wazi. Jasho lilimfanya ang'ae. Kagaruki alimwachia Kokubanza na kupiga magoti.

"Sema, waitu. Sema mbele ya watu hawa wote. Ni nani?"

"Kokubanza."

Umati ulinguruma.

"Nyamazeni," alisema Mwami. "Usiku kucha nawaambia mniitie Kokubanza, ninyi mnanoa mapanga. Sogea, mwanangu. Sioni vizuri."

Alisogea.

"Hukuonja."

"Ndiyo, waitu. Nisamehe. Chuoni walitufundisha..."

"Niliona. Nilikiona kikombe, nikaona umesahau, na nikaona umesahau kwa sababu ya kuniogopa." Alitua kuvuta pumzi. "Tumbo hili ni langu. Lina mwaka mzima linaniuma. Nililificha, maana watu wanataka Mwami asiyeumwa. Jana asubuhi, kabla sijatoka kwangu, lilikuwa limeshavimba. Kikombe chako hakina kosa."

Mwanamke wa samaki aliinamisha kichwa. Mwanaume mmoja akaachia jiwe lianguke miguuni pake.

"Sasa ulimwita wa nini, waitu?" Kagaruki aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto.

Mwami alimgeukia Kokubanza.

"Nilikuja kwenu kukwambia shule imekwenda Bukoba. Nilishakubali, mbele ya wakubwa wa boma. Waliniambia Bukoba ina barabara, ina meli, ina walimu, nami nikasema ndiyo, kwa sababu kila mtu pale alikuwa anasema ndiyo. Nikakaa nyumbani kwenu, mama yako akaongea vizuri, nikashindwa kulitoa neno hilo. Kisha ukaniletea kikombe. Nikikisukuma, nimekuita mchawi ndani ya nyumba ya baba yako. Nilikuwa nimekwisha kukunyima shule. Sikuweza kukunyima vitu viwili kwa siku moja. Nikanywa."

Mbali, upande wa ziwa, meli ilipiga honi.

Kagaruki alikuwa wa kwanza kuinuka. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Mama yake," alisema. "Niliwatuma kwa mama yake."

Kokubanza alimgeukia. Kwa kitambo kifupi alitaka kuruka chini na kukimbia barabara yote ile kurudi Muleba kwa miguu. Lakini alijua wale watu wangemwona yeye na kuinua mapanga. Palikuwa na mtu mmoja tu ambaye wangemsikiliza.

"Nenda wewe, mkungu. Chukua baiskeli. Waambie ulichokisikia."

"Nitachelewa."

"Nenda."

Kagaruki alinyakua baiskeli ya muuza samaki bila kuomba, na mwenyewe hakumzuia. Panga lilibaki kwenye lori. Waliitazama kofia yake ikipanda kilima kuelekea Muleba mpaka mibuni ilipoimeza.

"Mwalimu," alisema Suryakant taratibu, "hospitali. Nikikaa hapa, atatufia."

Aliwasha injini. Kokubanza aliketi juu ya magunia, akakiweka kichwa cha Mwami kwenye paja lake, ubavu, kinywa kikitazama chini. Macho ya mzee yalikuwa yanafumba.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilipaswa kulisema neno hili mlangoni kwenu."

Lori liliruka shimo. Kokubanza alimshika asianguke. Alikuwa anamwogopa, alikuwa anaogopa kwa ajili ya mama yake, alikuwa anaogopa njia iliyokuwa mbele na iliyokuwa nyuma. Na bado maneno yalimtoka, kwa sauti ambayo hata Suryakant aliisikia juu ya injini.

"Pona, waitu. Upone, urudi bomani ukaseme hapana. Shule ile ni ya Muleba, na mimi sijakubali."